Kutoka Norman hadi Watoto: Historia ya Jengo Moja la Kampala Kupitia Majina Yake

Mwanzoni mwa miaka ya 2020 Kampala ilishuhudia mvutano kuhusu jengo lililo katika Barabara ya Buganda. Kanisa linalolimiliki, Watoto Church, lilikusudia kulibomoa na kusimamisha mahali pake jengo la ghorofa nyingi. Taasisi ya urithi wa utamaduni, Cross-Cultural Foundation of Uganda, ililipinga kusudio hilo hadi mahakamani, kwa hoja kwamba jengo hilo ni sehemu ya historia ya jiji. Pande mbili zilikuwa zikigombania kuta zilezile, lakini hazikuziita kwa jina moja. Watetezi wa urithi walisema Norman Cinema. Wamiliki walisema kanisa.

Makala haya yanaichukulia tofauti hiyo ya majina kuwa ushahidi wa kihistoria, si suala la mazoea ya usemi tu. Masimulizi ya kila upande yanadokeza kwamba jengo lina maisha mawili yaliyotenganishwa: kwanza sinema, kisha kanisa; anayependa la kwanza hulia, anayependa la pili hushukuru. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba mpaka huo ni dhaifu kuliko inavyodhaniwa. Sinema iliendelea kuipanga ibada, na majina ambayo jengo limepewa kwa nyakati mbalimbali yanaonyesha ni nani alikuwa na uwezo wa kutaja jina na ni nani hakuwa nao. Waliokaa vitini, jioni za filamu na asubuhi za Jumapili, hawamo katika jina lolote.

Jina la mtu ukutani

Norman Godinho alikuwa mfanyabiashara mwenye asili ya Goa, eneo la India lililokuwa chini ya Ureno hadi 1961. Wagoa wa Afrika Mashariki walikuwa kundi dogo lenye nafasi yake ya pekee: Wakatoliki, wengi wao makarani wa serikali, washonaji, wapishi na wafanyabiashara, waliohesabiwa na wakoloni mbali kidogo na Wahindi wengine na mbali sana na Waafrika. Godinho alifanikiwa kiasi cha kuacha jina lake zaidi ya mara moja katika jiji la Kampala. Kulikuwa na shule iliyoitwa kwa jina lake, ambayo leo ni Shule ya Msingi ya Buganda Road, na kulikuwa na sinema iliyojengwa kabla ya uhuru wa 1962.

Jina la sinema hiyo si la kawaida, na hapa inafaa kusimama kidogo. Orodha ya sinema za Afrika Mashariki ya karne ya 20 ni orodha ya fahari za kuazima. Tanga ilikuwa na Majestic, Novelty na Regal. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon na Odeon. Arusha ilikuwa na Metropole. Zanzibar ilikuwa na Royal, iliyofunguliwa 1921 na baadaye kuitwa Majestic. Ufalme, dola, utukufu, mji mkuu: msamiati wa himaya ya Waingereza ulibandikwa juu ya milango ya majumba ambayo, kama alivyoonyesha Laura Fair (2018) kuhusu Tanzania, kwa sehemu kubwa yalikuwa mali ya wafanyabiashara Waasia wenyeji na yalijaa watazamaji wa kila asili. Sultana ya Zanzibar ndiyo inayojitenga kwa jina linalosikika la nyumbani, na hata hilo ni jina la enzi. Norman halikutaja enzi yoyote. Lilikuwa jina la kubatizwa la mtu aliyekuwa akiishi mjini na kufahamika mjini. Mtu aliyekwenda Norman alikwenda, kwa maana ya kisarufi kabisa, kwa mtu.

Jina la namna hiyo hudumu maadamu mwenye jina na watu wake wanatambuliwa kuwa wa mahali hapo. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke Uganda, akawapa siku 90. Biashara zao, sinema zikiwamo, ziligawiwa au ziliwekwa chini ya bodi ya serikali ya kusimamia mali za walioondoka. Pamoja na watu yaliondoka mambo mawili ambayo sinema haiwezi kuishi bila hayo: mitandao ya kusambaza filamu, hasa za Kihindi, iliyokuwa mikononi mwa familia za Kiasia, na sehemu kubwa ya watazamaji wa kulipa. Usalama wa usiku ulipodorora katika miaka iliyofuata, onyesho la usiku, lililokuwa tegemeo la mapato, likawa hatari. Video ilipoingia miaka ya 1980 ilikuta sinema za Kampala zimekwisha kudhoofika. Ni muhimu kulisema hili kwa sababu masimulizi ya kawaida hudai kwamba televisheni na video ndizo zilizoua sinema. Kwa Tanzania Bara, ambako vituo vya televisheni vilianza 1994, dai hilo lina uzito fulani. Kwa Kampala siasa ilitangulia teknolojia.

Kwa nini kanisa liliingia sinema

Mgeni anayefika Kampala huonyeshwa dini kwa vilima. Namirembe ni kilima cha Waanglikana, Rubaga cha Wakatoliki, Kibuli cha Waislamu, na Kikaya kina hekalu la Wabahai. Mpangilio huo ulitokana na ugavi wa ardhi wa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, pale ambapo dini na siasa za Buganda zilikuwa kitu kimoja. Hali hiyo haikuwa ya Kampala peke yake. Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, Walutheri wa Misheni ya Augustana kutoka Marekani walijenga hospitali na shule wakati mji wenyewe ungali mchanga. Huko misheni iliwahi mahali kabla mahali hapajajaa. Waliokuja mwanzo walipata kilima au kiwanja. Waliochelewa walikuta pamejaa.

Wapentekoste wa Kampala walichelewa kwa namna mbili. Kwanza, walikuwa wachache hadi miaka ya 1960. Pili, mwaka 1977 utawala wa Amin ulipiga marufuku madhehebu zaidi ya 20, yakiwamo ya Kipentekoste, ukaacha Wakatoliki, Waanglikana, Waorthodoksi na Waislamu. Makundi yaliyofungiwa yalikutana kwa siri majumbani. Amin alipoanguka Aprili 1979 walijitokeza wakiwa na waumini lakini bila majengo, katika jiji lililokuwa na majengo makubwa yasiyo na kazi. Kanisa la Kipentekoste la Kampala lilianzishwa 1984 na Gary na Marilyn Skinner, wamisionari kutoka Kanada, Uganda ikiwa bado vitani. Kuhamia kwake katika sinema ya Norman hakukuhitaji ufunuo. Ukumbi ulikuwepo, wenye ukumbi hawakuwepo, na watu walitafuta pa kukaa.

Hata hivyo, upatikanaji wa nafasi hauelezi kila kitu. Viwanda na maghala navyo vilikuwa vitupu. Sinema ina sifa zinazokubaliana na namna fulani ya ibada na kukataa nyingine. Sakafu yake inateremka kuelekea mbele, ili kichwa cha aliye mbele kisimzibe aliye nyuma. Haina nguzo katikati. Haina madirisha, kwa sababu ilikusudiwa iwe giza. Viti vimefungwa sakafuni na vyote vinatazama upande mmoja. Msikiti hauwezi kuingia humo bila kung'oa viti, kusawazisha sakafu na kuigeuza safu ielekee kibla. Misa ya Kikatoliki inahitaji altare, maandamano na nafasi ya kupiga magoti. Ibada ya Kipentekoste haidai mengi ya hayo: inadai watu wengi wamwone na kumsikia msemaji mmoja na waimbaji walio upande wake. Hicho ndicho alichojengewa mtazamaji wa filamu.

Ndiyo maana mabadiliko ya aina hii yametokea mbali sana na Uganda na yakafanana. Jijini New York mhubiri aliyejulikana kama Reverend Ike alinunua ukumbi wa Loew's wa Mtaa wa 175 mwaka 1969. Jijini London ukumbi wa Astoria wa Finsbury Park, uliofunguliwa 1930 na kujulikana baadaye kama Rainbow, ulichukuliwa 1995 na kanisa lenye chimbuko Brazil. Nairobi kuna mfano wa aina yake: kanisa la Mavuno lilifanya ibada kwa miaka kadhaa katika uwanja wa sinema ya magari ya Bellevue, Barabara ya Mombasa, mahali ambapo hata paa halikuwepo la kurithi. Tanzania Bara ilikwenda njia nyingine. Sheria ya 1971 ya kutwaa majengo iliyaweka majumba mengi ya mijini, zikiwamo sinema, mikononi mwa Msajili wa Majumba, na makanisa mapya ya Dar es Salaam yalitafuta nafasi pembezoni mwa jiji. Viwanja vya Tanganyika Packers huko Kawe, vilivyokuwa vya kiwanda cha nyama, vimekuwa uwanja wa ibada na mikutano mikubwa ya injili. Kiwanda, lakini, hakina viti.

Sinema, kanisa na kiambishi -ni

Kiswahili kinatoa nafasi nzuri ya kulitazama badiliko hili kwa sababu kinayatendea maneno mawili husika kwa namna tofauti. Kanisa, lenye asili ya Kiarabu, hutaja jengo na hutaja jumuiya ya waumini. Sinema, iliyokuja kupitia Kiingereza, hutaja jengo na hutaja filamu inayoonyeshwa ndani yake: mtu huenda sinema na huona sinema. Maneno yote mawili, basi, yana maana ya mahali na maana ya kile kinachopafanya mahali pawe na sababu ya kuwepo. Katika kanisa kitu hicho ni watu. Katika sinema ni picha. Watu wa sinema hawamo ndani ya neno sinema. Wanahitaji neno jingine, watazamaji, ambalo halibaki katika jengo onyesho likiisha.

Tofauti ya pili ni ya kimofolojia. Msemaji wa kawaida husema anakwenda kanisani, msikitini, shuleni, sokoni. Lakini husema anakwenda sinema, kama anavyosema anakwenda posta au benki. Umbo lenye -ni linawezekana kwa sinema, ila halina mazoea ya kanisani. Si lazima kulieleza hili kwa ukopaji peke yake, kwa kuwa hata kanisa na msikiti ni maneno ya kukopa, na shule nayo ilitoka Kijerumani. Inaelekea kiambishi cha mahali hushikamana kwa urahisi zaidi na mahali ambapo mtu ana uanachama: mwanafunzi ana shule, muumini ana kanisa. Posta na benki ni mahali pa kuhudumiwa. Kwa hiyo jengo linapotoka kuwa sinema na kuwa kanisa, katika Kiswahili halibadilishi jina tu, linabadilisha uhusiano wake na wanaoingia. Maelezo haya ni ya kupendekeza. Soko, ambalo ni la kila mtu na bado huitwa sokoni, linatosha kumkumbusha msomaji kwamba kanuni haijakamilika.

Yapo maneno mengine ambayo yamevuka mlango bila kubadilika sana. Kanisa lenye mabenchi likijaa, watu husogeleana na wa mwisho hupata nusu ya nafasi. Kiti cha sinema hakisogei. Idadi ya viti ni idadi ya watu, na waumini wakizidi, kinachoongezwa si nafasi bali muda: ibada ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja na saa yake, na baina yake dakika za kutoa watu na kuingiza wengine. Huo ndio utaratibu wa onyesho la saa kumi na onyesho la saa tatu usiku. Wahudumu wa kuonyesha viti, waliokuwa na tochi, wamekuwa wahudumu wa mapokezi. Pazia la picha limekuwa skrini ya maneno ya nyimbo. Jukwaa la mbele, ambalo katika sinema lilikuwa kipande chembamba kisicho na kazi kubwa, katika Kiswahili cha Wapentekoste wa Tanzania na Kenya huitwa madhabahu, ingawa hakuna sadaka ya kuteketezwa wala meza ya ushirika iliyowekwa hapo daima. Neno zito la Agano la Kale limepewa ubao wa kusimamia waimbaji. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lugha ilihitaji neno la kupatenga mahali ambapo usanifu haukupatenga.

Kuna urithi mwingine ambao haujatajwa vya kutosha: mkalimani. Katika ibada nyingi za Kipentekoste za Afrika Mashariki mhubiri husema sentensi kwa Kiingereza na mtu aliye pembeni huirudia papo hapo kwa lugha ya wasikilizaji, mara nyingi kwa sauti, mwendo na ishara zilezile. Wakati huohuo, katika mabanda ya video ya Uganda, yanayoitwa bibanda kwa neno ambalo Mswahili analitambua mara moja, walizuka wafasiri wa filamu waitwao maveejay, wanaosimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda juu ya sauti ya wahusika. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, ambaye kazi yake imechambuliwa na Matthias Krings (2015). Ukalimani wa mimbari ni mkongwe kuliko video, na haitakuwa sahihi kudai kwamba mmoja ulizaa mwingine. Linaloweza kusemwa ni kwamba hadhira ya mjini ilikwisha kuzoea kupokea maneno mazito kutoka kwa vinywa viwili, na kuona raha katika ustadi wa kinywa cha pili.

Watoto bila kanisa lao

Mwaka 1994 kanisa lilianzisha huduma ya kulea watoto waliofiwa na wazazi kwa vita na UKIMWI, pamoja na kwaya ya watoto iliyozunguka dunia. Huduma iliitwa Watoto. Jina la huduma likawa mashuhuri kuliko jina la kanisa, na hatimaye kanisa lenyewe likaacha kuitwa Kampala Pentecostal Church na kuitwa Watoto Church. Ndivyo sinema ya Mgoa ilivyobeba jina la Kiswahili katikati ya Buganda.

Historia ya lugha inafanya jambo hili liwe la ajabu zaidi kuliko linavyoonekana kwa mgeni. Gavana Gowers alipotaka mwaka 1927 Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929, na viongozi wa makanisa nao hawakukipenda, kwa sehemu kwa sababu walikihusisha na Uislamu. Kiswahili kikabaki lugha ya jeshi, polisi na masoko ya mipakani. Mwaka 1973 Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa baada ya wilaya 12 kati ya 20 kukichagua dhidi ya Kiganda, tangazo ambalo halikuzaa sera ya maana na ambalo liliwapa Waganda wengi sababu zaidi ya kukiona kuwa lugha ya mtutu. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili. Katika mazingira hayo, watu wa Kampala waliokuwa na neno abaana karibu nao walipokea neno watoto kwa ajili ya yatima, na neno hilo halikuwakimbiza. Vijiji vya huduma hiyo viliitwa kwa majina ya wenyeji: kimojawapo ni Suubi, yaani tumaini. Kiganda kikatumika nyumbani, Kiswahili kikatumika kwenye mabango ya safari za ng'ambo, kwa kuwa Ulaya na Marekani Kiswahili ndicho kinachosikika kuwa Afrika.

Ila jina hilo halirudi nyumbani kwa urahisi. Watoto Church ni Kiswahili kilichopangwa kwa sintaksia ya Kiingereza: kivumishi mbele, nomino nyuma. Mhariri wa Dar es Salaam akilinyoosha lisomeke Kanisa la Watoto, msomaji wake ataelewa ibada ya Jumapili ya wadogo, au kanisa ambalo watu wazima hawamo. Akiliacha lilivyo, neno watoto linaacha kuwa nomino ya ngeli ya A-WA na kuwa chapa isiyo na umoja: hakuna anayesema mtoto Church. Neno la Kiswahili limekuwa neno geni ndani ya Kiswahili. Katika makala haya limeachwa katika umbo lake la Kiingereza kwa sababu hiyo hiyo.

Kilichopelekwa mahakamani

Uganda ilikuwa na Sheria ya Makumbusho ya Kihistoria ya 1967, na mwaka 2023 ilipata sheria mpya ya makumbusho na minara. Sheria za namna hii huuliza jengo lilijengwa lini, na nani, na kwa mtindo gani. Kwa maswali hayo jina la Norman linashinda, kwa kuwa ndilo linalojibu mwanzo. Upande wa kanisa una jibu zito pia: jumuiya iliyofungiwa 1977 ndiyo iliyoutumia ukumbi huu wakati jiji halikuwa na haja nao, na haioni kwa nini iwe mlinzi wa kumbukumbu za starehe za watu wengine. Pengine hoja ya kanisa ingesikika vyema zaidi kama isingekuwa imejengwa juu ya kubomoa.

Hata hivyo, kila upande uliomba kuta zihukumiwe kwa kipindi kimoja tu. Watetezi wa Norman hawakuhitaji kuzungumzia ibada, ingawa ni ibada iliyotia ukumbi matumizi katika miaka ambayo sinema nyingine za Afrika Mashariki zilikuwa maghala au magofu. Majestic ya Zanzibar ilikaa miaka mingi ikiwa na kuta na bila paa zima. Watetezi wa mradi mpya hawakuhitaji kuzungumzia sinema, ingawa ni mteremko wa sakafu ya Godinho uliowawezesha waliokaa nyuma kuona mbele. Shule ya Godinho imepewa jina la barabara. Sinema yake imepewa jina la yatima ambao hawakuwahi kuiona ikionyesha filamu. Na aliyelipa nauli, akanunua tiketi ya kiti cha mbele kabisa kwa kuwa ndicho cha bei nafuu, akaona filamu ya Kihindi asiyoielewa maneno yake na kutoka akiimba wimbo wake, huyo hakupata kutajwa katika jina lolote.